Mkono, mkondo na mfuko: kisa cha kuchagua kasha la kamera Pemba

Mwenye kisa ni dada wa Mkoani, mzamiaji mwenye cheti, na bahari anayoijua zaidi ni ya kisiwa cha Misali. Chini ya maji ana kazi mbili. Moja ni kuisaidia kamati ya wavuvi ya shehia kupiga picha za mwamba. Analaza juu ya matumbawe fremu ya mraba ya mabomba ya PVC, sentimita 50 kwa 50, anapiga picha kutoka juu, kisha anaisogeza mbele. Picha hizo hukaguliwa baadaye kwenye kompyuta, tumbawe hai likatengwa na lililokufa na lililofunikwa na mwani. Kazi ya pili ndiyo ya riziki: kuwapiga picha wageni wanaokuja kuzamia, wakaondoka nazo siku hiyohiyo.

Kamera anayo, Sony A6400 na lenzi yake ya milimita 16–50. Kilichokosekana ni kasha la kuizamisha. Mfukoni alikuwa na shilingi milioni tatu, ambazo siku tulipozipigia hesabu zilikuwa kama dola 1,150, na sehemu ya pesa hizo aliongezewa na ami yake, mvuvi wa miaka mingi. Mimi niliitwa kwa sababu nimekuwa nikizamia na kamera muda mrefu. Neno lake la kwanza lilinipendeza: "Kaka, sitaki kasha la kuonekana nalo. Nataka la kazi, na lisinitoe machozi."

Mbele yake zilikuwepo njia mbili. Mgeni mmoja aliyekuwa akimaliza likizo alikuwa tayari kumwachia kasha lake la alumini, la mtumba, lililochongwa mahsusi kwa A6400, kwa dola 900. Njia ya pili ilikuwa kuagiza kasha jipya la plastiki kutoka China, kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Mzamiaji mwenzake alikuwa nalo la aina hiyohiyo na akakubali kutuazima tulijaribu. Bahati hii si ndogo. Wengi wetu tunaoishi visiwani hununua kasha kwa kutazama picha tu, na mkono haupimwi kwa picha.

Suala la kina nililimaliza mapema, kwa sababu ndilo watu hulianza na ndilo lenye uzito mdogo kabisa. Makasha ya alumini ya Nauticam ya Hong Kong huandikwa mita 100. Yale ya plastiki angavu ya Ikelite ya Marekani huandikwa mita 60, na ya SeaFrogs ya China mita 40 au zaidi kulingana na aina. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la hewa moja, kwa hiyo mita 30 ni mara nne ya shinikizo la juu ya maji. Dada huyu hufanya kazi kati ya mita 5 na 18. Kasha lolote kati ya hayo linamtosha, na kulipia mita 100 ni kulipia maji asiyoyafika. Tena, kasha likiwa chini shinikizo lenyewe hulikandamiza mfuniko na kuibana oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji. Mara nyingi maji huingia karibu na uso wa bahari, pale mtu anaporuka nalo au kulitupia kwenye ndoo, wakati oringi bado haijabanwa sawasawa.

Basi tukaanza na mkono.

Mkono wake ni mdogo. Tuliyaweka makasha mawili mezani, akayashika kama atakavyoyashika majini, viganja vikiwa vimefunga vishikio na vidole gumba nyuma. Sharti langu lilikuwa moja: kila kitu anachokitumia wakati mnyama yuko mbele yake lazima akifikie bila kulegeza kiganja. Kwa kazi yake vitu hivyo ni vitatu tu, yaani wenzo wa kufyatulia picha, gurudumu la mwanga, na kitufe cha kuangalia picha iliyopigwa. Vilivyobaki, kama kubadilisha aina ya faili au kupanga tarehe, hupangwa nchi kavu. A6400 ina gurudumu moja la juu na jengine la nyuma, haina la mbele, kwa hiyo hata kasha zuri haliwezi kumpa kile ambacho kamera yenyewe haina.

La alumini lilishinda mezani, na sitaki kulipunja sifa yake. Wenzo wake umekunjwa kuelekea kishikioni, kidole cha shahada kinaulalia bila kutafuta. Unapoubonyeza nusu unahisi kamera ikishika fokasi, na ukiongeza kidogo picha inapigwa. Hisia hiyo ya nusu ndiyo kitu kinachogharimu katika makasha ghali. Katika la plastiki wenzo upo mbali zaidi. Yeye aliufikia kwa ncha ya kidole, kiganja kikiwa kimeachia kishikio upande wa chini. Tulipima kwa rula: kutoka kishikioni hadi kwenye wenzo palizidi kama sentimita 2 kwa mkono wake. Kwa mwanamume wa kimo changu pengo hilo halipo. Ndiyo maana sifa za watu wengine kuhusu wepesi wa kasha hazimsaidii mtu ambaye kiganja chake si chao.

Mezani pangekuwa ndio mwisho, angelichukua la alumini. Lakini ami yake alikuwepo, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia bado: "Mwanangu, ukiwa na fremu mkono wa kushoto, hili utalishika kwa mkono gani?"

Swali hilo lilibadilisha kila kitu. Kazi ya fremu ni ya mkono mmoja. Upande wa kushoto unashika bomba la PVC lisichukuliwe na maji, na upande wa kulia peke yake unabeba, unalenga na kufyatua. Wanaoifahamu Misali wanajua mkondo wake. Kisiwa kipo upande wa magharibi wa Pemba, ukutani kwa mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita baina ya Pemba na bara, na maji ya bamvua yakianza kutoka, mzamiaji hasimami mahali pamoja kwa hiari yake. Wakati wa maji mafu hali ni nafuu, lakini kamati haiwezi kupanga kazi zote katika siku za maji mafu.

Tukayapima makasha kwa njia ambayo sijaona duka lolote likiitumia, ingawa ni rahisi mno. Tulijaza pipa maji ya bahari, tukalitundika kila kasha, kamera ikiwa ndani, kwenye mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Nje ya maji la alumini na vishikio vyake lilikuwa kilo 3.1, la plastiki kilo 2.3. Ndani ya pipa la alumini lilibaki na gramu 600, la plastiki gramu 150. Sababu ni ya wazi: plastiki ina kuta nene na nafasi kubwa ndani, kwa hiyo husukuma maji mengi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, na maji ya bahari, ambayo lita moja huzidi kilo kidogo, hulibeba.

Gramu 600 kwa mikono miwili si kitu. Kwa mkono mmoja, kifundo kimepinda kuangalia chini, kwa muda wa mtungi mzima wa hewa, ni maumivu. Zinaweza kupunguzwa kwa kufunga maboya madogo kwenye mikono ya kushikia taa, lakini maboya nayo ni pesa, tena yanaongeza upana ambao mkondo unausukuma. Na zile kilo 3.1 za nje zina saa yake mbaya: mzamiaji yuko juu ya maji, mawimbi yanapiga ubavu wa boti, anainua kasha kumpa nahodha. Hapo ndipo vioo vya mbele huchubuka, si chini.

Tulipoingia majini kwenye maji ya kina kifupi, kila kasha kwa zamu, alichokiona mezani kiligeuka. La alumini bado lilikuwa na wenzo bora, ila baada ya muda mfupi kifundo chake kilianza kushuka na fremu ikatoka pembeni mwa picha. La plastiki lilitulia, tatizo likabaki palepale, kile kidole kinachotafuta wenzo.

Tatizo hilo lilikuwa na dawa ya bei ndogo. Kishikio hakijaungwa kwenye kasha, kimefungwa kwenye sinia la chuma linalokaa chini yake. Tukalipeleka sinia kwa fundi wa vyuma Chake Chake, akatoboa matundu mapya ya kukisogeza kishikio ndani kwa sentimita 2, akapunguza makali ya ukingo. Kasha lenyewe halikuguswa, na hilo ni la lazima: ukitoboa kasha umelimaliza. Baada ya hapo kidole kilikaa mahali pake na kiganja kikabaki kimefunga. Hisia ya kubonyeza nusu haikufikia ile ya alumini, na haitafikia, lakini kwa kupiga picha ya fremu isiyokimbia hasara hiyo ni ndogo. Kwa kasa anayekatiza mbele ya mgeni, hasara ipo. Nilimwambia hivyo waziwazi, akasema ataizoea.

Kioo cha mbele ndicho kilichotuchukua muda mrefu zaidi, na hapa ndipo wauzaji huwachanganya watu. Makasha haya hubadilishwa vioo: kioo bapa, au kioo cha kuba. Muuzaji wa lile la plastiki alikuwa akimpa vyote viwili kwa bei ya pamoja, akimshawishi kwamba bila kuba hakuna picha pana. Kwa sehemu ni kweli. Maji hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, na nyuma ya kioo bapa lenzi huona eneo jembamba zaidi: zile nyuzi 83 ambazo lenzi ya milimita 16 inaziona hewani kwa kamera hii hubaki kama 60. Kuba hurudisha upana wote.

Tukapiga hesabu ya fremu. Ili sentimita 50 ziingie kwenye upande mfupi wa picha, kwa kioo bapa anahitaji kukaa kama sentimita 72 juu ya mwamba. Kwa kuba, kama sentimita 51. Pengo la sentimita 20 za maji si dogo, kwa sababu rangi nyekundu humezwa na maji mapema sana, na chembe zilizomo majini huonekana kwa wingi kadiri unavyojitenga na unachokipiga. Kwa hesabu hiyo peke yake kuba ilistahili kununuliwa.

Lakini kuba ina tabia yake. Kamera iliyo nyuma ya kuba haiangalii mwamba wenyewe. Inaangalia sura ya mwamba inayojitokeza karibu sana mbele ya kioo, ndani ya umbali wa mara tatu ya nusu kipenyo cha kuba, hata kama kitu chenyewe kiko mbali. Kitu kikiwa karibu, sura hiyo nayo husogea karibu zaidi. Lenzi ya 16–50 haishiki fokasi chini ya sentimita 25 kutoka kwenye kihisi cha kamera. Kwa kuba ya inchi 6, mwamba ukiwa nusu mita, sura yake inaangukia palepale kwenye mpaka wa sentimita 25. Akishuka kidogo kwa sababu ya wimbi, picha inafifia. Kuba ndogo ya inchi 4 ingekuwa mbaya zaidi. Kioo bapa hakina mpaka huo. Mwamba ulio sentimita 72 huonekana kama uko sentimita 54, na lenzi inaushika bila taabu.

Kwa hiyo tuliacha kuba. Picha za wageni zinazotaka upana zitapata lenzi ya nje, ile inayofungwa mbele ya kioo bapa na kuondolewa hapohapo majini. Huwezi kubadilisha kuba ukiwa chini, lakini lenzi ya nje unaivua, unaitia kwenye mfuko wa jaketi la kuzamia, unaendelea na fremu. Kwa mtu mwenye kazi mbili katika mzamo mmoja, huu ndio mpangilio wenye maana.

Sasa pesa. La alumini kwa dola 900 lilionekana la bei nafuu, na kwa kasha la aina hiyo ni nafuu kweli, kwani jipya la kamera ndogo kama hii huwa karibu mara mbili. Ila halikuwa na vali ya kunyonyea hewa, ile yenye taa ya kuonyesha kama kasha linavuja, na oringi ndogo za ndani ya vitufe hazikuwa zimebadilishwa tangu lilipotoka kiwandani. Kazi hiyo hufanywa na mafundi waliosomea, na hapa Pemba hatuna. Kulipeleka nje na kulirudisha, pamoja na vali, kulilifikisha karibu dola 1,400. La plastiki lilikuwa dola 380 na kioo bapa chake, vali na pampu 90, sinia na vishikio 70, oringi za akiba, grisi na vifuko vya kukausha unyevu 40. Usafirishaji na kodi za forodhani vikafikisha jumla kama 730. Alibaki na zaidi ya dola 400.

Kuna hesabu nyengine ambayo kwangu ilikuwa nzito kuliko hiyo. Kasha la alumini limechongwa kwa kamera moja. Kamera ikifa, kasha linakuwa chuma cha kuuza kwa hasara. Lile la plastiki limetengenezwa lipokee pia ndugu za A6400, kama A6100, A6300 na A6500, ambazo mtumba wake unapatikana Dar es Salaam. A6400 ilitoka mwaka 2019, na mtu anayefanya kazi kwenye chumvi kila wiki asitarajie kamera itaishi milele. Nilimshauri achukue la plastiki, naye akachukua.

Liliibuka suala la kamba, na ami na mpwa wake nusura wagombane. Yeye alitaka kasha lielee likimponyoka, ili alipate juu. Ami akakataa kabisa: "Kikielea, mkondo utakipeleka Tanga kabla hujavua mapezi." Akasema lizame. Mpwa akamjibu kwamba ukuta wa Misali hauna chini ya kufika. Wote wawili walisema kweli, na jibu likawa katikati. Kasha libaki na zile gramu 150 za kuzama, lifungwe kwa kamba fupi yenye ndoana ya chuma kisichoshika kutu kwenye pete ya jaketi, si kwenye kifundo cha mkono, ili mkono uwe huru pale mkondo unapovuta.

Lilipowasili, lilizamishwa kwanza tupu, karatasi laini imewekwa ndani badala ya kamera. Likarudi kavu. Utaratibu wake wa sasa ni kufunga kasha usiku, ndani ya chumba kikavu. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu uliofungiwa ndani hugeuka ukungu juu ya kioo mara kasha linapogusa maji ya baridi. Kisha ananyonya hewa kwa pampu, anaacha muda, na taa ya vali ikibaki ya kijani analala bila wasiwasi. Oringi anaipitishia kidole, hatumii kitambaa. Uzi mmoja wa kanga unatosha kuliingizia kasha maji. Kwenye boti linakaa chini ya taulo lililoloweshwa, kwa sababu jua likipasha hewa iliyomo ndani, kipimo cha shinikizo hubadilika na taa inaweza kumdanganya. Akirudi analiloweka kwenye maji ya mvua. Kisima chao kina chumvi.

Betri ndiyo kero iliyobaki. NP-FW50 ni ndogo, na akifanya mizamo miwili ya fremu lazima afungue kasha katikati ya siku, kwenye boti, rasharasha zikipiga. Kila ufunguzi ni hatari, na hakuna kasha la bei yoyote linaloiondoa. Tumekubaliana afungue mara moja tu, ufukweni Misali chini ya kivuli, nywele zikiwa zimefungwa na mikono imekaushwa. Kama siku hairuhusu kushuka ufukweni, mzamo wa pili ni wa wageni na kamera inapumzika.

Zile dola zilizobaki amezigawa. Sehemu kubwa imenunua taa ya mwanga mpana inayorudisha nyekundu kwenye matumbawe, pamoja na kibao cheupe cha kuirekebishia kamera rangi kabla ya kila mstari wa fremu. Lenzi ya nje itasubiri msimu wa kaskazi, wageni wakianza kuingia kwa wingi, na ataanza kwa kuazima ya mzamiaji mwenzake ili aijaribu kwenye mkondo kabla ya kuitolea pesa.